Gari Lililopakwa Rangi ya Mtumbwi

Jumapili ile niliondoka na gari nyumbani kwangu Mwanga, Kigoma mjini, kwenda kuchukua baiskeli Simbo na kuifikisha Ujiji. Ndivyo tulivyowaambia majirani. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakwenda kufanya mtihani, na msimamizi wa mtihani alikuwa mama mkwe wangu.

Gari lenyewe ni pikapu ya Kijapani, ya enzi zile dirisha lilipofunguliwa kwa kuzungusha mkono. Lilikuwa la marehemu baba mkwe. Alipofariki lilibaki Simbo chini ya mabati, na kuku wakaanza kutaga kwenye kiti cha dereva. Shemeji yangu Gervas, mtoto wa kiume pekee wa mzee, alitaka wanunuzi wa chuma chakavu walichukue. Mimi nikasema gari lile linatengenezeka. Mama mkwe hakusema kitu, na katika familia ile mama akinyamaza, hakuna anayegusa kitu. Mwishowe akakubali nilichukue nijaribu.

Mimi ni mtu wa kuja. Nilipangiwa kazi Kigoma nikiwa kijana mwenye shahada ya historia, nikafundisha chuo, nikaoa hapa hapa, nikabaki. Shahada ya historia inamsaidia mtu kueleza kwa nini kitu kilianguka. Kukisimamisha ni somo lingine. Hata hivyo, kwa miezi kadhaa nilishinda uani nikiwa na spana, msasa na simu iliyojaa video za watu wanaotengeneza magari huku wakitabasamu. Nilifungua bodi lote la nyuma, nikakwangua kutu, nikapaka rangi. Rangi nilipewa na Issa, mume wa Asteria, shemeji yangu wa mwisho. Issa anaunda mitumbwi pale mwaloni Ujiji, wavuvi wanapoegesha, na alikuwa na rangi ya buluu iliyobaki, nzito kama uji wa mgonjwa. Akaniambia kwamba mtumbwi ukipakwa ile, maji ya ziwa yanabaki nje yakihuzunika. Nikapaka bodi, nikapaka chesisi, nikapaka kila mahali brashi ilipofika, na pale ilipogoma nikatumia kidole. Nikapaka tabaka juu ya tabaka. Kisha nikalirudisha bodi mahali pake juu ya vipande vipya vya mpira vya kupunguza mtetemo, nikakaza boliti ambazo nazo nilikuwa nimezipaka, nikaita majirani waone.

Siku chache baadaye taa zikaanza vituko. Nikikanyaga breki, taa za breki haziwaki, inawaka dashibodi. Nikiwasha indiketa ya kulia, taa ndogo za mbele zinakonyeza. Nikabadilisha balbu, nikabadilisha fyuzi, nikafungua dashibodi na kuifunga tena nikiwa na skrubu mbili za ziada ambazo mpaka leo sijui zilitoka wapi. Mke wangu Yustina alinikumbusha kwa upole kwamba fundi umeme wa magari yupo sokoni, hatua chache kutoka kwetu. Nilishatangaza mtaa mzima kwamba nalitengeneza mwenyewe, kwa hiyo nikamwambia kuwa tatizo ni dogo.

Ndipo ikaja amri kutoka Simbo. Asteria alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, amepewa jina la babu yake. Mzee enzi za uhai wake aliahidi kuwa mjukuu atakayebeba jina lake atarithi baiskeli yake. Mama mkwe akasema Jumapili niende na gari, nimchukue yeye na baiskeli, niwafikishe Ujiji, kisha nimrudishe nyumbani kabla giza halijaingia. Gari likiweza, litabaki kwetu. Likishindwa, Jumatatu watu wa chuma chakavu waje. Gervas alishawapa taarifa.

Asubuhi, barabara ya kutoka mjini ilikuwa tupu na baridi. Yustina alikaa kando yangu na kitenge mabegani. Kila nilipokanyaga breki dashibodi iliwaka vizuri, na redio ikaangaza uso wake. Alisema angalau yeye anajua ninapofunga breki, hata kama wenzetu wa nyuma hawajui.

Mwandiga tulisimamishwa. Askari wa usalama barabarani alikuwa dada mrefu, kwa lafudhi yake mtu wa Mbeya, na alianza na heshima zote.

"Shikamoo mzee."

Bado sijazoea kuitwa mzee na mtu mwenye bunduki ya kupima mwendo. Nikaitikia marahaba. Akazunguka nyuma, akaniambia nikanyage breki, nikakanyaga. Akaniambia nikanyage tena. Akarudi dirishani, akauliza tunakwenda wapi. Nikamwambia Simbo, kumchukua mama mkwe.

"Basi ukirudi, upite hapa taa zinawaka," alisema. "Zisipowaka gari litalala hapa, na mama mkwe utampandisha bodaboda wewe mwenyewe mbele yangu."

Nilimshukuru. Kutoka pale mpaka Simbo sikukanyaga breki isipokuwa pale ilipobidi kabisa, jambo ambalo Yustina alisema halikuboresha usalama wetu.

Simbo tulifika watu wakiwa wametoka kanisani. Kwa Waha, wenyeji wa huku, salamu si ya kurusha mtu akiwa anapita. Unainama kidogo, unapiga makofi taratibu, unaulizia watu wa nyumbani, mwenzako anaitikia kwa makofi yake, na hakuna anayeharakisha. Miaka yote niliyoishi huku nimejifunza makofi. Maneno ya Kiha bado yananipita pembeni. "Mwakeye," nilisema, nikapiga makofi mahali ninapodhani panafaa. Mama mkwe aliitikia akitazama upande wa Yustina. Kwao mkwe na mama mkwe hawasemezani ovyo. Akitaka kuniambia jambo anamwambia binti yake, hata kama nimesimama hapo hapo, na mimi najibu kwa njia hiyo hiyo. Ni utaratibu mzuri. Umeniokoa mara nyingi.

"Mwambie baba Neema kwamba gari limependeza," alimwambia Yustina.

"Mama anasema gari limependeza," Yustina akaniambia.

Gervas alilizunguka gari akiwa amefunga mikono nyuma. Akauliza kama linaelea pia. Nikamwomba anisaidie kutazama taa nikikanyaga breki. Akasimama nyuma kwa furaha isiyofichika, na kila nilipokanyaga aliniambia neno moja tu, "Giza." Nikatoa balbu nikazirudisha. Nikatoa fyuzi, nikazisafisha kwa pindo la shati, nikazirudisha. Giza. Nikagongagonga taa kwa kiganja, maana video moja ilisema inasaidia. Gervas akasema huyo wa kwenye video huenda gari lake ni jipya.

Mama mkwe alikuwa ameshavaa, ameketi kwenye kiti nje ya mlango, kikapu miguuni, anatutazama. Pale ndipo nilipoona vizuri mtihani wenyewe ulihusu nini. Lile gari lilipokuwa zima, mzee ndilo alilompandisha kumpeleka kliniki, sokoni, harusini. Miaka yote aliyokaa mjane alikuwa akipita mbele ya kibanda kile cha mabati kwenda kuteka maji. Hakuna siku aliyoniambia kwamba analitaka. Lakini kwa safari ya Ujiji alikuwa amevaa vitenge vya sikukuu.

Basi tukapakia. Baiskeli ya mzee ni ile ya chuma kizito, ya zamani, vishikio vyake vya mpira vimeisha na usukani umebaki chuma kitupu. Gervas aliilaza ndani ya bodi, tukaibana kwa gunia la maharage na mkungu wa ndizi, na usukani wake ukakaa mbele kushoto, umelalia ukingo wa bodi na kuegemea kona ya kebini. Nilimwambia aangalie rangi yangu. Alisema rangi ile hata mamba haikwaruzi.

Tulipoondoka, Yustina alikaa katikati na mama mkwe mlangoni, kama inavyotakiwa. Barabara ya vumbi kutoka Simbo ina mashimo ambayo mzee aliyajua kwa majina. Mimi niliyapata yote. Nyuma baiskeli ilikuwa inagonga na kusugua, kwaru, kwaru, na kila kwaru ilinipita moyoni kwa sababu ya rangi.

Tulipoikaribia Mwandiga nilipunguza mwendo kwa gia, bila kugusa breki. Dada wa Mbeya alikuwa bado yupo. Alimwamkia mama mkwe, akaenda nyuma, akaniambia nikanyage. Nikakanyaga nikiwa nimefumba macho. Kisha akasema indiketa ya kulia. Ya kushoto. Breki tena. Akarudi dirishani.

"Zote ziko sawa. Fundi wako nani?"

"Mimi mwenyewe," nilisema.

Yustina aligeuka kutazama nje upande wa mama yake, ambako hakukuwa na kitu cha kutazama. Mama mkwe akasema neno la Kiha, na Yustina hakulitafsiri.

Sikujua ni nini kilichotengenezeka, lakini mtu akipewa sifa barabarani hana haja ya kuichunguza. Tuliteremka Mwanga, tukashika barabara ya Ujiji, nikifunga breki hata pasipo na sababu. Nilimweleza Yustina kuhusu fyuzi, jinsi vumbi linavyoweza kukatiza umeme, na jinsi pindo la shati la pamba lilivyo bora kuliko la nailoni. Alisikiliza kwa uvumilivu wa mtu aliyeolewa zamani.

Ujiji tulipokewa kwa vigelegele vya wanawake wa mtaa mzima. Baiskeli ilishushwa kabla ya watu. Mama mkwe mwenyewe aliishika usukani, akaivusha kizingiti, akaiegemeza ukutani sebuleni, ndipo akanawa mikono na kumpokea mjukuu. Alimwangalia muda mrefu. Akasema masikio ni ya mzee, na kama masikio ni ya mzee, basi na usikivu utakuwa wa mzee, yaani hautakuwepo. Watu wakacheka, naye akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

Tulikula ugali wa muhogo na samaki wa ziwani, migebuka iliyoungwa kwa mawese, na baada ya chakula Issa alinichukua mpaka mwaloni, ambako mtumbwi mpya ulikuwa umeinuliwa juu ya magogo, nusu mbao tupu, nusu buluu ile ile ya gari langu. Ziwa lilikuwa limetulia. Milima ya Kongo ilionekana kwa ukungu kama kitu kilichofutwa vibaya ubaoni. Dagaa walikuwa wameanikwa mpaka karibu na nyayo zetu. Issa alinionyesha anavyosukuma pamba kwenye viungo vya mbao kabla ya kupaka. Alisema siri ya kazi ni kutoacha upenyo, hata wa sindano. Nilimwambia nimefuata kanuni hiyo hiyo. Alifurahi.

Jua lilipoanza kuinama tulirudi nyumbani kumchukua mama. Nilirudisha gari nyuma kidogo ili nigeuze, na Issa alikuwa amesimama kwa nyuma akinielekeza.

"Shemeji," aliniita, "taa zako za breki haziwaki."

Nilidhani ananitania. Nikakanyaga tena, na redio ikaangaza mapaja yangu.

Nilishuka. Nikatoa fyuzi, nikazisugua kwa pindo lile lile la shati. Hakuna kitu. Mama mkwe alikuwa ametoka na kikapu chake, akasimama. Mwandiga ilikuwa mbele yetu, na dada wa Mbeya, na bodaboda, na Jumatatu.

Katika kuzunguka nikaona michubuko. Kwenye ukingo wa bodi, mbele kushoto, baiskeli ilikuwa imekwangua rangi yangu mpaka chuma cheupe kikaonekana, na mkabala wake, kwenye kona ya kebini, kulikuwa na mchubuko mwingine. Nilikasirika kwanza. Nikavipitisha vidole juu ya michubuko ile miwili, nikihesabu kazi ya kupaka upya. Mkono mmoja ulikuwa kwenye bodi na mwingine kwenye kebini, na katikati palikuwa na nafasi ya kupitisha ngumi. Nikabaki hivyo, mikono imetanuka, mpaka Issa akauliza kama naumwa.

Mambo ni haya. Umeme ukitoka kwenye betri na kuwasha taa, lazima urudi kwenye betri. Kwa taa za nyuma za gari lile hakuna waya wa kuurudisha. Mwili wa gari ndio waya. Umeme unarudi chuma kwa chuma, kutoka bodi kwenda chesisi, kutoka chesisi na kebini kwenda betri. Na mimi, mwanafunzi wa Issa, sikuwa nimeacha upenyo hata wa sindano. Bodi langu lilikuwa linaelea juu ya mipira na rangi ya mtumbwi kama kisiwa. Umeme ukifika nyuma ulikosa njia ya kurudi, ukajipenyeza kwenye taa nyingine, ukaishia kwenye dashibodi. Kutoka Simbo mpaka Ujiji, waya wangu ulikuwa baiskeli ya marehemu.

"Nirudishieni baiskeli," nilisema. "Iwekwe juu ya gari kidogo tu."

Asteria aliyekuwa mlangoni alimkumbatia mtoto vizuri zaidi. Jirani mmoja akaweka mkono mdomoni. Yustina akanijia haraka na kuninong'oneza kwamba kwao zawadi ya mtoto ikishavuka kizingiti haitoki, na kwamba kumnyang'anya mtoto mchanga kitu cha babu yake si jambo la kusema hata kwa utani. Nilijaribu kueleza kuwa si kunyang'anya, ni umeme. Nikaeleza habari ya betri, ya chesisi, ya njia ya kurudi. Nilieleza vizuri, kwa vituo, kama darasani, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nyuso zilivyozidi kukunjamana.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia binti yake.

"Muulize baba Neema, anataka baiskeli au anataka chuma?"

Yustina hakuhitaji kuniuliza. Nikasema chuma.

Asteria aliingia ndani, akatoka na koleo la jikoni, lile la kushikia makaa. Nilinyoosha mkono nilipokee, lakini nilikuwa natakiwa kwenye pedali, Issa alishasimama nyuma, na Yustina sasa alikuwa amemshika mtoto. Mama mkwe akaweka kikapu chini, akachukua koleo, akalikandamiza juu ya michubuko miwili, ncha moja kwenye bodi na nyingine kwenye kebini. Nikaingia, nikakanyaga. Issa alisema kitu sikukisikia. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona mama mkwe amechungulia nyuma, kisha akaja na kichwa chake mpaka karibu na dirisha la abiria, koleo bado limekazwa.

"Baba Neema," alisema, "kanyaga tena."

Hakukuwa na mtu katikati. Nikakanyaga tena, na ukuta mweupe wa nyumba ya nyuma ukawa mwekundu.

Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo. Issa alileta kipande cha waya mnene wa zile taa za betri wanazovulia dagaa. Tukakwangua rangi kwa kisu chini ya boliti moja ya bodi, tukakwangua na kwenye chesisi mpaka chuma kikang'aa, tukafunga waya na kukaza. Muda wote huo Issa alikuwa na uso wa mtu aliyepewa nishani. Alitaka nirudie: rangi yake imezuia hata umeme? Nikarudia. Akasema atawaambia wateja.

Mwandiga tulifika jua limeshagusa vilima. Dada wa Mbeya alikuwa anakusanya vitu vyake amalize zamu, lakini alitutambua, akainua mkono, akaenda nyuma. Nikakanyaga. Akaja kusema taa ni nzuri na fundi ni mzuri. Nilikuwa nimeshaanza kukanusha pale mama mkwe aliponitangulia akiwa mlangoni kwake: fundi ni huyu, alisema, ila alisaidiwa. Baada ya hapo hakunyamaza mpaka Simbo. Alinionyesha kila shimo kabla hatujalifikia, akiegemea mbele ya Yustina kama vile Yustina ni mzigo uliowekwa pale vibaya. Pale mzee alikuwa akipita kulia. Hapa alikuwa anashusha gia. Nikashusha gia.

Simbo Gervas alikuwa anatungoja uani kwa mwanga wa mwisho. Mama mkwe aliteremka, hakumsemesha mtu, akaenda nyuma ya gari mwenyewe, akaniambia nikanyage. Wekundu ukamwangukia yeye na kitenge chake cha sikukuu. Alisimama pale zaidi ya muda unaohitajika kutazama taa mbili. Kisha akamwambia Gervas awapigie watu wake wa chuma wasije, wala kesho wala siku nyingine. Gervas aliangalia gari, akaniangalia mimi, akasema kweli linaelea.

Tulipokuwa tunaaga, mama mkwe aliinama akatazama chini ya bodi, pale kwenye waya.

"Pale ulipokwangua hujapaka rangi," aliniambia. "Patashika kutu."

Nilimweleza, mimi kwa yeye, kwa nini mahali pale hapawezi kupakwa. Safari hii nilitumia maneno machache. Akatikisa kichwa taratibu, akafikiri.

"Basi paache," alisema.

Nimepaacha. Kila nikiliosha gari napafuta vumbi na kupapaka grisi kidogo, na kwenye ncha ya waya kutu imeshaanza kuonekana, nyekundu, nyembamba. Ndiyo sehemu pekee ya gari ambayo sikuitengeneza vizuri, na ndiyo inayowasha taa. Mwezi uliopita niliombwa kupaka rangi mlango wa Simbo. Kabla sijaanza, nilimwuliza mama mkwe nisipake wapi.